Mninga sebuleni, vinaili chumbani kwa Mama

Mnaniuliza niweke sakafu ya mbao au ya vinaili, ile ya plastiki yenye sura ya mbao. Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa huku fundi amesimama mlangoni anasubiri kauli. Kama ni lazima uhamie mwaka huu, weka vinaili. Kama unaweza kukaa mwaka mzima juu ya sakafu ya saruji bila kugombana na watu wa nyumbani kwako, nunua mbao. Uzuri, bei na fasheni vinafuata baadaye. Mimi ninazo zote mbili chini ya paa moja, na sikupanga iwe hivyo.

Nyumba yetu iko Moshono, Arusha. Ndugu zangu wa Dar hawaelewi kwa nini tulihangaika na sakafu. Kwao marumaru ni neema, mtu anavua viatu mlangoni ili apate ubaridi wa bure. Huku juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 12 au 13, na marumaru inageuka adui wa magoti. Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo mnivumilie kidogo: kigae na ubao vikilala chumba kimoja vinakuwa na joto lile lile. Tofauti ni kwamba kigae kinanyonya joto la unyayo haraka, ubao unalinyonya taratibu sana. Mguu haujui kusoma nyuzi. Unachosikia ni kasi ya joto kukutoka.

Mama mkwe wangu anaishi nasi na ana baridi yabisi. Kwenye nyumba ya kupanga, yenye marumaru kila kona, alikuwa analala na soksi na akiamka usiku anatafuta kandambili gizani kwa mguu, jambo lililokuwa linanitisha kuliko ile baridi yenyewe. Kwa hiyo tulipofika hatua ya sakafu kwenye nyumba yetu, mimi na mume wangu tulikubaliana jambo moja tu: vyumba vya kulala na sebule havitakuwa na marumaru. Baada ya hapo hatukukubaliana tena kwa miezi.

Yeye alitaka vinaili. Alikuwa ameiona ofisini kwao, inafanana na mbao, inapigwa deki kama kawaida, na bei yake kwa mita ya mraba ilikuwa karibu nusu ya ile tuliyotajiwa ya mninga uliokwisha kuwekwa na kupakwa. Mimi ni binti wa seremala wa Tabora. Nimekulia kwenye maranda ya mninga. Mnadhani nilitaka nini?

Nilimpigia baba nikitegemea aniunge mkono. Nikamuonyesha kwa kamera ya simu mbao nilizokuwa nimesimama mbele yake, kwa muuzaji mmoja wa hapa mjini: inchi moja kwa sita, nyekundu nzuri, zimenyooka, zimegongwa nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Akaniuliza zimekauka? Muuzaji akadakia kwamba zimekauka kabisa, zina miezi kibao pale. Baba akacheka.

"Usimuulize yeye mama, wala usiniulize mimi. Uliza mizani."

Kama hamjui, ubao mbichi ndio chanzo cha karibu kila sakafu ya mbao mliyoiona ikiwa na nyufa za kuingiza sarafu. Ubao unatoa unyevu mpaka ulingane na hewa ya mahali ulipo, na unapotoa unasinyaa kwa upana. Ukiupigilia kabla haujamaliza, utamalizia kusinyaa ukiwa chini ya miguu yako. Na mahali ni muhimu: ubao uliotulia Tanga, kwenye hewa nzito ya bahari, ukiupeleka Dodoma utaendelea kusinyaa kama vile hukuwahi kuukausha.

Dawa ya baba haina gharama. Unakata kipande kidogo, si kwenye ncha kabisa kwa sababu ncha hukauka kwanza, ila kama futi moja kuingia ndani. Unakipima kwenye mizani ya jikoni. Unakiweka kwenye oveni kwenye nyuzi 103 hivi, unakitoa na kukipima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Changu kilianza na gramu 345 kikagoma kwenye 280. Toa, gawanya kwa ule uzito mkavu: asilimia 23. Kwa hewa ya Arusha mimi nataka asilimia 12 au karibu na hapo. Ile "imekauka kabisa" ya muuzaji ilikuwa karibu mara mbili ya unyevu ninaoutaka.

Simlaumu sana. Kuna watu wanaokausha mbao kwa tanuru, lakini nyingi zinazouzwa mtaani zimekaushwa na jua na bahati. Kanuni ya maseremala wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao zangu zilikuwa za inchi moja. Na mkataba wetu wa kupanga ulikuwa unaisha Januari.

Hapo ndipo chumba cha Mama kikapata vinaili, na vyumba vingine vya kulala vikafuata.

Sasa niwaambie nilichojifunza kuhusu vinaili, maana dukani utaelezwa kila kitu isipokuwa kinachokuhusu. Aina iliyojaa sokoni siku hizi ni ile ngumu wanayoiita SPC. Moyo wake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC. Juu yake kuna picha ya mbao, picha kweli, imechapwa, na juu ya picha kuna tabaka linaloonyesha ng'ambo ambalo ndilo linalokanyagwa. Muuzaji atakutajia unene wa ubao mzima, milimita 4, 5, 6. Muulize tabaka la juu. Lenye milimita 0.3 linatosha chumba cha kulala. Pale panapopita watu kutwa nzima tafuta 0.5. Likilika tabaka hilo picha nayo inaondoka, na picha haipigwi msasa.

Mfungue boksi zaidi ya moja pia. Kwenye boksi la kwanza nililoonyeshwa, kifundo kimoja cha mti kilijirudia kwenye mbao tatu. Ukishakiona huwezi kuacha kukiona. Nikachagua nyingine yenye picha nyingi tofauti.

Lakini mtihani wa vinaili uko kwenye zege. Mbao hizi ni nyembamba, zinashikana kwa meno tu, hazina gundi, zinaelea. Palipo na bonde chini, ubao unabonyea kila unapokanyagwa, na meno yanachoka mpaka yanakatika. Maelekezo kwenye boksi letu yalisema tofauti isizidi milimita 3 kwenye urefu wa mita 2. Fundi aliyetupigia sakafu alikuwa ameimaliza kwa niru, ule uji wa saruji, inang'aa, unajiona uso. Tukaweka rula ya aluminiamu ya mita mbili. Katikati ya chumba cha Mama mwanga ulipita chini ya rula kama mlango ulioachwa wazi. Niru inalainisha, hainyooshi.

Fundi wa vinaili akasema itakaa tu, Mwalimu, uzito wa kitanda utailaza. Nikamwambia kitanda hakitakaa mlangoni. Ikabidi kilima kilichokuwa karibu na dirisha kisagwe kwa grenda na bonde lijazwe mchanganyiko wa kujisawazisha, ule unaomwagwa kama uji ukajitafutia usawa wenyewe. Gharama yake ilipunguza sana ile tofauti ya bei iliyomfurahisha mume wangu. Na bado kuna sehemu ndogo kwenye korido ya vyumba, nje ya mlango wa watoto, ambayo hakuimaliza vizuri siku ambayo sikuwepo. Ukikanyaga pale panasema "tak". Watoto wanapaita kengele, maana wakitoka kitandani usiku tunasikia.

Jambo la pili ni maji ya zege. Vinaili yenyewe haiozi, ndiyo maana wanaiuza kama isiyoogopa maji. Unyevu unaopanda kutoka chini, hata hivyo, ukifungiwa hauna pa kwenda, na miezi michache baadaye chumba kinanuka uvundo na hujui unatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni kwenye sakafu, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni au saruji imekuwa nyeusi, subiri. Tulikuwa tumetandika nailoni nzito chini ya zege tangu msingi, juu ya moramu, baada ya kupiga dawa ya mchwa, kwa hiyo sisi tulisubiri unyevu wa saruji yenyewe tu. Kama msingi wako hauna nailoni, usinunue chochote kabla hujafanya jaribio hili. Mninga pia hautakusamehe.

Baada ya yote hayo, kuweka kwenyewe kulikuwa mchezo. Unainamisha ubao, unaingiza meno, unaulaza, unaugonga kidogo kwa kipande cha mti. Pembeni kote mnaacha nafasi ya sentimita moja ili sakafu ipumue, na skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, inafunika. Kabati la ukutani lilifungwa kwanza, sakafu ikaishia miguuni pake. Kabati zito likikaa juu ya sakafu inayoelea linaibana na itaanza kuinuka kwingine. Mama alihamia chumba chake wiki hiyo hiyo. Kandambili sasa zinakaa mlangoni, za kutokea nje.

Je, ni ya joto? Kuliko marumaru, ndiyo, kwa mbali. Kuliko mbao, hapana. Kumbukeni yale mawe ya chokaa ndani yake. Ile ngozi laini iliyobandikwa chini yake inasaidia kidogo.

Sebule ikabaki saruji. Mbao za mninga tuliziingiza humo humo, tukazipanga upande mmoja wa chumba: vijiti kati ya tabaka na tabaka, vijiti vyote vimekaa mstari mmoja juu hadi chini ili mbao zisijikunje, ncha zimepakwa rangi ya mafuta zisipasuke, tofali juu kwa ajili ya uzito. Tukaishi upande wa pili, juu ya mkeka na zulia la zamani. Wageni waliokuja walitazama rundo, wakatazama saruji, wakatuonea huruma. Shemeji mmoja alimuuliza mume wangu pembeni kama tumekwama, atuchangie. Pesa zilikuwa zimekata kweli, ila hilo halikuwa sababu ya rundo.

Ubao mmoja niliuteua kuwa shahidi. Kila Jumamosi nikiupima na kuandika. Miezi ya mwanzo uzito ulishuka kwa kasi, masika ilipoingia ukasimama, kisha ukapanda kidogo, nikakata tamaa, kisha kiangazi kikauchukua. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walichora grafu yake. Ilikuwa grafu nzuri kuliko zote za kwenye kitabu.

Nikiwa nasubiri nilipata muda wa kufikiri kuhusu kile nilichonunua, na sikufurahi sana. Mninga ni mti wa miombo, wa Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma. Hukua wenyewe porini na hukaribia karne moja kabla haujafaa kuchanwa mbao. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama, jamii yote ya mninga ya Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka sasa inahitaji vibali maalumu. Mkongo nao uliingia siku zile zile. Hiyo haimzuii mtu wa Arusha kununua mbao ya Tabora yenye hati zake, lakini inakuambia mti unakoelekea. Kwa hiyo mkiniuliza leo, nitawaambia mwangalie kwanza msaji, yaani mtiki. Unapandwa, Longuza kule Muheza, Mtibwa, bonde la Kilombero, na unakatwa na kupandwa tena. Baba hataki kusikia. Kwake msaji ni mti wa mashua. Mimi nilichagua mninga kwa sababu ya baba, na sina sababu bora kuliko hiyo.

Mume wangu, ili tuwe sawa, hukumbushwa kwamba vinaili nayo ikichoka haina pa kwenda zaidi ya dampo.

Kiangazi kilipokwisha kazi yake, ubao shahidi ukawa umesimama kwenye asilimia 12 na kitu. Baba akapanda basi kutoka Tabora. Alitembea sebuleni, akaokota ubao mmoja mmoja akiutazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, na akanirudishia kadhaa zenye ukingo mweupe. Ule weupe ndio chakula cha dudu. Moyo mwekundu wa mninga wadudu huuheshimu, hata mchwa huona kazi. Zilizobaki zikaenda kuchanwa upande mmoja ulimi, upande wa pili mfereji, zikarudi na unene wa milimita 20.

Sizungumzii sana uwekaji wake, kwa sababu hiyo si kazi ya kujifunza kwenye simu. Gundi ilipakwa kwenye saruji kwa mwiko wa meno, mbao zikalazwa, nafasi ya sentimita moja ikaachwa pembeni vile vile kama kwa vinaili. Kupiga msasa kwa mashine ndiko kulikotutoa nyumbani. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Baba amepiga chafya nalo maisha yake yote, na fundi mdogo asiyevaa barakoa alilala na macho mekundu. Mwenye pumu asikae karibu kabisa.

Ubishi wa mwisho ulikuwa vanishi au nta. Vanishi ya kisasa ni ngumu, unapiga deki, unasahau. Ikikwaruzika hata hivyo huwezi kurekebisha sehemu moja bila doa kuonekana. Inabidi usugue chumba kizima. Baba alisema mafuta na nta, na hapo nilimsikiliza bila mabishano. Maji yakikaa, nta inaweka alama nyeupe, lakini alama hiyo unaisugua kwa kitambaa na nta nyingine na jioni imekwisha.

Sasa tumekaa na zote mbili muda wa kutosha kuzizoea. Vumbi la Moshono ni mchanga mchanga, na mchanga ndio unaomaliza sakafu yoyote. Mkeka mgumu nje na mwingine ndani umefanya kazi kuliko nta yote. Miguu ya viti tumeibandika vitambaa. Binti yetu aliwahi kumwaga ndoo ya maji chumbani kwake akiwa anafua viatu, tukakausha kwa taulo na mambo yakaisha. Ingekuwa sebuleni ningelia. Sebuleni kwa upande mwingine kuna mkwaruzo mrefu wa friji iliyopitishwa, nilishausugua na kuupaka, unauona ukielekezwa. Vinaili nayo ilichanika kidogo chini ya kitanda cha chuma cha watoto, na pale hakuna cha kusugua. Kubadilisha ubao mmoja kunamaanisha kufungua safu zote kuanzia ukutani. Ndiyo maana nawaambia nunueni boksi moja la akiba mapema, kwa sababu chapa ya mwaka huu na ya mwaka ujao hazilingani rangi hata kama jina ni lile lile.

Sauti sikuitarajia. Vinaili inarudisha hatua zako, hasa ukivaa viatu. Mninga uliogundishwa kwenye saruji uko kimya. Na jua la saa kumi linaloingia sebuleni limebadilisha rangi yake, umekuwa wa dhahabu zaidi, isipokuwa pale zulia lilipokuwa. Sasa tunahamisha zulia kila baada ya muda, na mume wangu ndiye anayelihamisha, yule wa vinaili, na ndiye anayewaambia wageni wavue viatu.

Baada ya miaka kumi na tano tutapiga msasa sebule, milimita moja itaondoka, zitabaki nyingi. Vyumbani tutang'oa na kuweka nyingine, na sitajuta. Mama amekuwa anatembea usiku bila kutafuta kitu chochote kwa mguu, na hangeweza kusubiri mninga ukauke.

Mlioniuliza kuhusu jikoni na bafuni: nimeweka marumaru, na sikumuuliza mtu.